Google inaonyesha kamari kwenye tovuti ya chuo? Anzia DNS

Mkuu, kama ukurasa wa mbele uko safi lakini Google inaleta kurasa za kamari zenye anwani ya chuo chenu, acha kwanza kuhangaika na tovuti kuu; anzia DNS, yaani orodha inayoelekeza kila jina la domeini yenu kwenye seva yake. Andika site:domeini-yenu.ac.tz casino kwenye Google, uone ni sabudomeini ipi (jina dogo chini ya domeini yenu, mfano semina.domeini-yenu.ac.tz) inatoa huo uchafu.

Mara nyingi ni ya kongamano lililokwisha zamani. Sisi tulikuta ya semina ya 2014: aliyeitengeneza alishahama, akaunti aliyofungua kwenye huduma ya nje ilishakufa, ila rekodi ya CNAME (mstari wa DNS unaoelekeza jina moja kwenda jina jingine) bado ilikuwa inaelekea kwenye jina lake la kule kule. Mtu akilisajili tena jina hilo kwenye huduma ile, anaweka anachotaka na anwani inasomeka ni ya chuo. Hajavunja mlango, mlimwachia ufunguo.

Fungua orodha yote ya DNS, pitia mstari kwa mstari, muulize mkuu wa kila idara kama bado anaitumia. Hakuna anayeijua? Futa (MX, yaani rekodi za barua pepe, usiguse; barua pepe za chuo zitakwama na simu hutaziweza). Ikiwa sabudomeini iko kwenye seva yenu wenyewe, basi huenda ni WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) iliyosahaulika: ibadilisheni iwe kurasa tuli za HTML, mzime na PHP, lugha inayoiendesha WordPress.

Ukishafuta, omba kurasa ziondolewe kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Na kuanzia sasa, usimpe mtu sabudomeini bila jina la mhusika na tarehe ya kuifunga.