Sanduku la Wasomaji: Wakala aliyekatazwa kufuta, akafuta

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Narekodi taarab kwa REAPER, programu ya kurekodi muziki, hapa Kisauni. Nimeunganisha wakala wa akili unde kupitia seva ya MCP (programu ya kati inayompa wakala zana za kuiendesha REAPER) anipangie traki na viwango vya sauti. Nilimwandikia wazi asifute kitu, lakini traki ya tashkota imetoweka. Imekuwaje?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwanza okoa kazi: usihifadhi mradi. Jaribu Ctrl+Z. Ikishindikana, nakili faili ya .rpp-bak (nakala ya akiba ya mradi) pahala pengine, ibadilishe jina liishie .rpp, kisha uifungue. Kunakili kunatangulia kwa sababu ukihifadhi tena, .rpp-bak yenyewe yaweza kuandikwa upya. Faili yako ya sauti (WAV) haijaenda: kufuta traki hakugusi faili ya sauti iliyo kwenye folda, ila kama umeisafisha folda hiyo.

Tuje kwa chanzo. Uliyomwandikia wakala ni ombi, si kufuli. Anachoweza kufanya kinaamuliwa na zana ambazo seva imempa. Fungua msimbo wa seva uzikague moja moja. Huenda ukakuta zana inayopokea namba yoyote ya amri za REAPER na kuitekeleza. Huo ndio mlango wa nyuma: 40005 huondoa traki zilizochaguliwa, 40026 huhifadhi mradi. Yatosha traki isiyo yenyewe iwe imechaguliwa. Zana ya kuendesha msimbo wowote wa Lua au Python ni mbaya zaidi. Ukiiacha, kuzibana nyingine ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ziondoe hizo mbili. Bakisha zana finyu: kusoma majina ya traki, kubadilisha jina, kuweka kiwango cha sauti. Hata hiyo ya mwisho iwekee mpaka ndani ya msimbo. REAPER haipimi D_VOL, yaani kiwango cha sauti cha traki, kwa desibeli (dB): 1 ni 0 dB, 0.5 ni karibu −6 dB. Wakala akituma 12 akidhani ni desibeli, traki inapanda zaidi ya 21 dB, na masikio yako yatakuwa ya kwanza kujua. Seva ikatae chochote kinachopita 1.

Kila kazi ya wakala ifungwe kati ya amri za msimbo Undo_BeginBlock na Undo_EndBlock, ili Ctrl+Z moja irudishe yote badala ya kubofya mara arobaini. Zana za kusoma zipite zenyewe. Za kubadilisha zikuulize kila mara. Kitufe cha “ruhusu daima” kwa hizo za pili usikiguse, hata usiku uwe umekuchosha. Na mradi wa mteja mpe nakala tu, asilia ikae folda asiyoifikia.

SWALI: Mimi niko Likoni, natumia programu ya muziki Ableton Live pamoja na AbletonOSC, inayomwezesha wakala kuiendesha kwa ujumbe wa OSC. Waifai tunagawana na majirani. Kuna hatari?

JIBU: Ipo. AbletonOSC husikiliza poti 11000 na kujibu kwa 11001, na OSC, njia ya kutumiana amri kupitia mtandao, haina nywila: ujumbe ukifika, hutekelezwa. Kwenye ngome (firewall) ya kompyuta zuia poti ya UDP 11000 kutoka mashine nyingine. Wakala aliye kwenye kompyuta hiyohiyo atumie 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe. Kisha pima: ukiwa na programu ya OSC kwenye simu iliyo kwenye waifai hiyo, tuma /live/song/start_playing. Wimbo ukianza, ngome haijakaa.