Chumba futi 10 kwa 10 afu spika za inchi 8? Mkuu subiri kwanza

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Umepanga chumba cha futi 10 kwa 10, unapiga biti za bongofleva na singeli, una milioni moja na nusu, unauliza uchukue monita, yaani spika za kumiksia, zenye koni ya besi ya inchi 8 maana singeli inataka besi ya kifua, au uchukue za inchi 5. Wengi hapo juu wamekwambia 8. Mi nakwambia 5, na hela itakayobaki usiile, ina kazi humohumo chumbani.

Nasema hivyo kwa sababu nilishapigwa na hili. Mwaka 2017 nilikuwa nimepanga Mbagala, mita tatu kwa mita tatu, ukuta wa bloku, sakafu ya saruji, dirisha moja la nondo. Nikadunduliza karibu mwaka mzima nikanunua jozi ya inchi 8. Siku ya kwanza nilijiona prodyuza kweli, vyombo vya jirani vinagongana kabatini. Meza niliweka katikati ya chumba maana kuta zote zilishaliwa na kitanda na kabati, nikakaa pale nikaanza kumiksi, besi siisikii. Yaani spika mbili kama madebe ya mahindi afu 808, ile besi nzito ya biti, ikigonga noti ya A inapotea kabisa, nikaipandisha, nikaipandisha tena, nikaweka na ikwalaiza juu yake mpaka nikaona sasa imekaa. Nikamtumia msanii. Jioni ananipigia yuko kwenye bajaji ya mshkaji wake anacheka, kaka mbona huu wimbo nasikia turubai tu linavyopiga, sauti yangu iko wapi? Kwenye sabufa ya baa ndio usiseme, mwenye baa aliuzima kabla ya kiitikio.

Nilizitukana zile spika kama miezi minne, kumbe maskini hazikuwa na kosa.

Iko hivi. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba uzidishe mara mbili, tatu inakuwa sita, halafu gawanya 343 kwa sita, unapata 57. Hiyo hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, ndio noti ambayo chumba kile kinaiimba chenyewe, na iko jirani kabisa na A ya chini ambayo ni hezi 55. Sasa wimbi hilo lina tabia, linajaa kwenye kuta na kona, ila katikati ya chumba linakuwa karibu na sifuri, na mimi nilikaa wapi? Katikatiii. Halafu chumba mraba, kwa hiyo urefu na upana vyote vinazima noti ileile mahali palepale, na dari nalo halikuwa mbali na mita tatu, yaani nilikaa kwenye shimo la pande zote. Nikisimama nikaegemea ukuta besi imejaa tele, nikirudi kwenye kiti imekufa. Futi 10 zako ni mita 3.05, piga hesabu hiyohiyo unapata 56. Ndugu yangu tumepanga chumba kimoja mimi na wewe.

Inchi 8 haikusaidii kitu hapo. Inashuka chini zaidi ndio, na inapiga kwa nguvu, ila hiyo nguvu yote inaenda kujaza kona na kwenye kiti unabaki na shimo lako vilevile. Na utakuwa umekaa mita moja toka kwenye spika, hiyo nguvu unamtafuta nani nayo, mama mwenye nyumba?

Kabla hujanunua chochote fanya hili jaribio, ni bure. Azima hata sabufa, kaa unapotegemea kukaa, fungua FL Studio au programu yoyote unayotumia, weka besi ya sine tupu bila madoido, piga noti moja moja kuanzia E ya chini kupanda oktevu mbili, zote kwa nguvu ileile. Utasikia zingine zinanguruma, zingine zimemezwa. Sogeza kiti sentimita ishirini mbele, rudia. Mimi mahali palipokuja kutulia ni kama mita 1.15 toka ukuta wa mbele, ule unaoutazama, ndio ile asilimia 38 ya urefu wa chumba ambayo watu wa studio huwa wanaitaja kama pa kuanzia. Anzia hapo halafu fuata masikio.

Spika zenyewe zisogeze karibu na ukuta wa mbele, nyuma pabaki shibiri hivi. Najua umeshasoma kwamba spika ikae mbali na ukuta, hiyo ni ya wenye vyumba vikubwa. Uso wa spika ukiwa sentimita 85 toka ukutani, sauti inayozunguka nyuma inagonga ukuta inarudi kufuta karibu hezi 100, na hapo ndipo kiki ina nyama yake (kiki ya ngoma, sio ile ya Instagram). Ukiisogeza ukutani besi inaongezeka, na hiyo unaipunguza kwa swichi ya nyuma. Halafu pembetatu, kutoka spika hadi spika na kutoka kila spika hadi kichwani kwako umbali uwe mmoja, twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, ziwe usawa wa masikio. Mi sina stendi mpaka leo, nimepanga bloku, juu nimeweka vipande vya ndala zilizochakaa ndio spika inakalia, meza haitetemeki tena.

Majina sasa, maana najua ndio ulichokuja kutafuta. Yamaha HS5 ndio niliyonayo leo. Ina inchi 5, inaishia kama hezi 54 huko chini, na nyuma ina swichi ya kupunguza besi desibeli 2 au 4, mimi niko kwenye 4. Haina huruma, vokali ikiwa na makelele inakuonyesha, na ukitoka kwenye sabufa wiki ya kwanza utahisi umetapeliwa. Ile wufa nyeupe, yaani koni ya besi, imefuata sura ya NS-10, spika ya Yamaha ya mwaka 1978 iliyotengenezwa kwa ajili ya sebuleni, watu wa studio wakaichukua, na twita yake ilivyokuwa kali walikuwa wanaibandika karatasi ya chooni. Adam T5V inashuka chini zaidi, kama hezi 45, juu ni laini, ukikesha nayo masikio hayachoki. Kali LP-6 ina wufa ya inchi 6 na nusu, tundu lake la hewa liko mbele, na nyuma imechorewa kabisa vipicha vya swichi, spika ikiwa ukutani weka hivi, ikiwa mezani weka hivi, kwa mtu wa chumba cha kupanga hiyo ni akili kubwa. KRK Rokit 5 ile ya wufa ya njano wengi wanaipenda maana inapendeza masikioni, mi nilimiksi nayo kwa rafiki yangu, kila nilichotengeneza nilikiona kitamu hata kikiwa kibovu, kwa hiyo kwangu hapana, wewe isikilize mwenyewe. Kati ya hizo tatu za kwanza huwezi kukosea sana, chukua utakayoipata halisi.

Na hapo kwenye halisi. Kariakoo uliza kabla ya kutoa hela, bei hiyo ni ya spika moja au jozi? Monita nyingi zinauzwa mojamoja, mtu anafika amejipanga na bei ya mtandaoni kumbe ni ya upande mmoja. Ibebe, HS5 moja ina kilo 5.3, ukiinua ikawa nyepesi kama redio ya mkononi shtuka. Zilizotumika kutoka Marekani au Japani ni nzuri na bei inavutia ila geuza nyuma usome volti, Marekani umeme wao ni 120, Japani 100, sisi 230. Jamaa yangu alichomeka ya Marekani moja kwa moja kwenye soketi, haikupiga hata noti moja, ilitoa harufu tu. Umeme ukikatika chomoa, usisubiri urudi na mshindo wake. Na kila siku spika unaiwasha mwisho na kuizima kwanza, saundi kadi ikiwashwa huku spika iko hewani ule mlio wa "tup" unaumiza wufa. Waya chukua wenye jeki ya mistari miwili myeusi, wa mstari mmoja ukipita karibu na waya za umeme unaokota mvumo.

Hela iliyobaki sasa. Trei za mayai achana nazo, hata kama umeziona kwenye video ya studio fulani. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita sita, halijui kama kuna trei. Sponji nyembamba nazo zinakula sauti za juu tu, chumba kinakuwa kizito na besi iko palepale. Mimi nilienda kwa fundi seremala akanitengenezea fremu nne za mbao zenye kina cha inchi sita, nikashindilia sufi, ile ya magodoro, nikazifunika kitenge, mbili kwenye kona za mbele, mbili pembeni usawa wa masikio. Sikudanganyi kwamba 57 ilikufa, ilipunguza mdomo tu, ila kiki ikaacha kuburuza mkia na sauti ya mwimbaji ikakaa katikati ya spika kama inatoka ukutani. Sufi inashika moto upesi, kwa hiyo ekstensheni na mishumaa mbali. Kitanda na kabati la nguo viache humohumo, vinasaidia kuliko unavyodhani, ila visikuletee meza katikati kama mimi.

Chini ya hezi 50 hutapata ukweli kwenye chumba hicho kwa spika yoyote, hiyo utaicheki kwa hedifoni halafu unamalizia kwenye sabufa ya jirani na simu ya mtu, maana huko ndiko singeli inakosikilizwa. Na weka alama kwenye kitasa cha sauti, miksi palepale kila siku, uweze kuongea na mtu bila kupayuka. Sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi, ikiwa kubwa linaiona nyingi, ukiwa unapandisha na kushusha kila saa utakuwa unamiksi sikio badala ya wimbo.

Hujasema mlango uko upande gani na dari lina kimo gani, na kama ni jipsamu au bati tupu. Pima leo, rudi uweke vipimo hapa nikupigie hesabu ya kiti kabla hujaenda mjini.