Analipwa kwa Dola, Mbona Anasema ni Maskini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu anafanya kazi ya kusafisha ofisi huko Texas, Marekani, na analipwa kima cha chini cha huko, yaani dola 7.25 kwa saa. Kila tunapomwomba mchango wa ada au wa harusi, hujibu kwamba yeye ni maskini, na ndugu sasa wanamwita bahili. Je, mtu mwenye ajira katika nchi tajiri kiasi kile anaweza kuwa maskini kweli? Nauliza pia kwa sababu mdogo wake anataka tuuze kiwanja chetu cha Chanika ili amfuate. (Mjomba, Tandika, Dar es Salaam)

JIBU: Shikamoo, mjomba. Inawezekana, na hesabu yake ni fupi. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52 za mwaka, kwa dola 7.25 kwa saa, hupata dola 15,080 kabla ya makato. Kwa mwaka 2025, kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali ya shirikisho kwa mtu anayeishi peke yake kilikuwa dola 15,650. Mpwa wako, kama hana kibarua cha pili, yuko chini ya mstari uliochorwa na serikali ya nchi hiyo yenyewe. Kima hicho cha chini hakijapandishwa tangu Julai 2009, na ingawa majimbo mengi yamejiwekea viwango vya juu zaidi, Texas haimo.

Ndugu zako wanapotelea kwenye kugeuza dola kuwa shilingi. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500, kipato hicho kinafika shilingi milioni 37.7 kwa mwaka, fedha ambazo Tandika zingemweka mtu pazuri sana, lakini mpwa wako hazitumii Tandika. Hapa kwetu mwenye kipato kidogo hupanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi, hupanda daladala, hula kwa mamalishe anayemfahamu na pengine kumkopesha, na akibanwa zaidi huweka meza ya mihogo mbele ya nyumba. Katika miji mingi ya Texas usafiri wa umma ni haba, hivyo gari linakuwa sharti la kupata kazi, na gari hilo kisheria lazima liwe na bima. Kuuza chakula barabarani kunahitaji kibali. Na jimbo hilo halijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali, iwafikie watu wazima wote wenye kipato kidogo. Kwa maneno mengine, njia nyingi za kuishi kwa gharama nafuu zimezibwa, na kodi ya nyumba inasubiri kila mwezi.

Hata mstari wenyewe, kwa maoni yangu, umewekwa chini mno. Ulibuniwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa serikali ya Marekani, aliyechukua gharama ya chakula cha kubana matumizi na kuizidisha mara tatu, kwa kuwa wakati huo familia zilitumia takriban theluthi moja ya kipato kwa chakula. Tangu wakati huo umekuwa ukirekebishwa kufuata bei, ilhali makazi na matibabu yamechukua nafasi kubwa zaidi katika matumizi ya familia. Ulaya hupima kwa namna nyingine: aliye chini ya asilimia 60 ya kipato cha mtu wa katikati huhesabiwa kuwa hatarini.

Sisemi kwamba umaskini wa Texas ni sawa na wa kijiji kisicho na maji. Si sawa, na anayelinganisha hivyo anatukosea heshima sisi na wao pia. Ninachokataa ni dhana kwamba maskini wa huko ni mvivu au mwongo, kwa sababu idadi yao hupanda na kushuka kufuatana na maamuzi ya serikali. Mwaka 2021 Marekani iliongeza ruzuku ya watoto hadi dola 3,600 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6, na sehemu yake ikalipwa kila mwezi kuanzia Julai, mfano wa fedha za TASAF tunazozifahamu. Kwa kipimo kinachohesabu pia misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2; lakini nyongeza hiyo ilipoachwa kuisha, mwaka 2022 ulirudi hadi asilimia 12.4. Wazazi hawakugeuka wavivu ndani ya mwaka mmoja.

Kuhusu kiwanja, mwombeni mpwa wako awaandikie anacholipa kila mwezi kwa kodi, gari, bima na chakula, kisha mtoe kwenye mshahara baada ya makato. Mdogo wake aeleze atafika kwa viza ya aina gani na kama inamruhusu kufanya kazi, maana bila ruhusa hiyo hata dola 7.25 hana hakika nazo. Hadi majibu hayo yapatikane, hati ya kiwanja ibaki kwako, mjomba.