Kabla ya Kuchagua Mji wa Kusoma Ujerumani, Anza na Kodi ya Chumba

Vijana wengi wanaoniomba ushauri kuhusu masomo ya Ujerumani huulizia ada kwanza, kisha huridhika wakisikia kwamba vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi. Ni kweli kwa sehemu kubwa, ingawa tangu mwaka 2017 jimbo la Baden-Württemberg, lenye miji kama Stuttgart na Heidelberg, huwatoza wengi wa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, nilipokuwa nikisoma Leipzig, kilichomaliza fedha zangu kila mwezi kilikuwa kodi ya chumba.

Tangu mwaka 2024, anayejilipia masomo huonyesha kwa ajili ya viza euro 11,904 za mwaka mzima, ambazo kwa kawaida huwekwa katika akaunti maalumu na kutolewa euro 992 kwa mwezi. Kiasi hicho hakibadiliki, uwe unakwenda Leipzig au Munich. Lakini chumba katika nyumba ya kushirikiana Munich huweza kumeza zaidi ya euro 700, ilhali Leipzig nilikuta vya takriban euro 400. Ondoa pia bima ya afya, ambayo ni zaidi ya euro 100 kwa mwezi, nawe utaona kwamba mwenzako wa Munich anabaki na fedha kidogo mno za chakula.

Wanaokwenda kusoma shahada ya uzamili, ambao kwetu mara nyingi wameshafanya kazi miaka kadhaa, wazingatie umri: nafuu ya wanafunzi katika bima ya umma kwa kawaida hukoma mtu anapotimiza miaka 30.

Unapolinganisha vyumba, uliza kama kodi iliyotajwa inajumuisha maji na kupasha nyumba joto, na amana ni kiasi gani, kwa kuwa sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai hadi kodi ya miezi mitatu bila gharama hizo. Mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, jambo ambalo wenye nyumba hawana haraka ya kulitaja.

Wapo watakaokwambia kwamba Munich ina vibarua vingi, na hawakosei, ila sidhani kama ni busara kupanga bajeti kwa mshahara ambao bado hujaupata. Ukishapata barua ya chuo, omba mara moja hosteli za shirika la huduma za wanafunzi la mji huo, kwa sababu foleni yake ni ndefu.