Muulize Mjomba: Nataka kuhama kwenye mbao, nianze na bronzi au jiwe?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi niko Ujiji, nachonga mbao toka nimalize form foo, natengeneza samaki na sokwe nawauzia watalii wanaopita kwenda Gombe. Sa juzi kati nimeona kwenye simu masanamu ya wanyama, mengine ya bronzi mengine ya jiwe, kuna tembo unaona kabisa kama anapumua, nikasema hii ndo kazi yangu. Washkaji wanasema bila mashine za Ulaya haiwezekani, fundi mmoja wa sufuria yeye anasema niyeyushe tu shaba nimwage kwenye mchanga kama wao wanavofanya. Mtaji sina wa maana. Nianzie wapi? – Fundi wa Ujiji

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Habari ya mashine za Ulaya achana nayo, pale Ife Nigeria watu walikuwa wanasubu, yani kuyeyusha na kumwaga, vichwa vya madini zaidi ya miaka 600 iliyopita, vimetulia mpaka leo wataalamu wanavishangaa, na hapakuwa na umeme wala nini.

Huyo fundi wa sufuria hajakosea sana ila sufuria haina vidole. Mchanga unafaa kwa umbo linalochomoka bila kuvunja kalibu, yani ile chombo ya kumwagia madini yapate umbo, sokwe aliyekunja mikono na kuinamisha kichwa hachomoki. Ndo maana wenzako wanatumia nta. Unafinyanga kiini cha udongo, unakivika nta unene wa kama milimita 5, hapo kwenye nta ndo unachonga kila kitu mpaka mikunjo ya uso, unaweka vijiti vya nta vya kupitishia madini na kutolea hewa, unapitisha misumari myembamba ili kiini kisihame, alafu unafunika kote kwa udongo. Ikishakauka unachoma, nta inayeyuka inatoka, na pale ilipokuwa nta ndo unamwaga bronzi. Kalibu unaivunja, kwahiyo nafasi ni moja tu, ukiharibu unarudi mwanzo.

Na sasa nta unayo mlangoni, mpwa wangu! Tabora hapo jirani ni mkoa wa asali, nta ya nyuki ipo na treni ipo. Nunua kidogo, anza kufinyanga na kuchonga wanyama wa nta hata mwaka mzima kabla hujagusa moto, ukikosea unayeyusha unaanza upya, hasara hamna. Ndo jibu langu hilo, mengine yatafuata.

Moto nao usiuchukulie poa. Bronzi ni shaba nyekundu kama asilimia 90 na bati 10, bati namaanisha madini yenyewe, yale wanayochimba kule Kyerwa, sio mabati ya kuezekea. Shaba peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 1085, ukiweka bati inashuka mpaka kama 1000, mkaa mzuri na feni ya kupuliza vinafikisha. Lita moja ya bronzi ina uzito wa karibu kilo 9, ndo maana sanamu inakuwa na uwazi ndani, ukijaza yote utafilisika afu madini yakipoa yanasinyaa yanakuachia mashimo na nyufa. Kalibu ikiwa na unyevu hata kidogo maji yanageuka mvuke ghafla na madini yanakurukia usoni, mtu anapofuka hivihivi. Na nyaya za shaba zisizojulikana zimetoka wapi usinunue, za umeme au za reli zitakupeleka mahabusu.

Jiwe je? Jiwe ni gumu kuliponda ila jepesi kukatika, mguu mwembamba au mkia ulionyooshwa hautoboi mwaka. Kwenye jiwe mchonge sokwe amekaa amekumbatia magoti, au kiboko, au kobe. Korongo kwa mguu mmoja muachie bronzi. Haya mawe ya kwenye miamba ya ziwa hapo Kigoma ni ya mchanga mchanga, yanakula patasi na vumbi lake linaharibu mapafu, chonga ukiwa unamwagia maji na uvae barakoa. Kujifunzia tafuta jiwe la sabuni kama lile la Kisii, linakwaruzika hata kwa kucha.

Kingine, muangalie mnyama mwenyewe. Mchonga sanamu Mfaransa Barye alikuwa anashinda kwenye bustani ya wanyama Paris akichora, Rembrandt Bugatti, mchonga sanamu mwingine, naye aliwafinyangia wanyama palepale zuu ya Antwerp. Wewe una Gombe, tena jirani hivo, afu sokwe wengi ninaoona sokoni wana mikia! Sokwe hana mkia, mikono yake mirefu kuliko miguu, anatembea kwa vifundo vya vidole, na kidole gumba cha mguu kimekaa pembeni kama cha mkono. Mtalii aliyetoka kumuona asubuhi hutamdanganya.

SWALI: Mjomba, mume wangu kaniletea simba anasema ni wa bronzi, bei yake hata sisemi. Ntajuaje? – Mama Tabora

JIBU: Msogezee sumaku, bronzi haishiki, ikinasa ujue ni chuma kimepakwa rangi. Mbebe pia, bandia nyingi ni plastiki iliyochanganywa na unga wa bronzi, nyepesi na ukiigusa haina ubaridi wa madini. Ukibaki na wasiwasi kwaruza kidogo chini ya kitako pasipoonekana, ndani inatakiwa kung'aa rangi ya shaba. Ila muage baba kwanza, usije kukwaruza simba wa watu ikawa kesi.