Maswali ya bahari: orka hali kila kitu

Barua za mwezi huu zimejaa orka, yule mnyama wa bahari mweusi mwenye mabaka meupe ambaye wengi wenu mnamwita nyangumi muuaji. Sishangai, kuna vipande vya video vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kila mtu sasa ni mtaalamu. Nimechagua maswali machache. Walioniandikia kwa herufi kubwa tupu nimewaruka.

Shikamoo mwalimu. Nyangumi muuaji ni nyangumi au ni samaki? (Morogoro)

Marahaba. Si samaki, anavuta hewa na ananyonyesha. Kwa ukoo ni pomboo, tena ndiye pomboo mkubwa kuliko wote. Dume hufika mita 8 au 9. Nililijibu hili mwaka jana, na mwaka juzi pia. Hilo neno "muuaji" nalo tulitupe. Paka wa nyumbani anaua panya usiku kucha, na hakuna anayemwita paka muuaji.

Mwalimu, naomba orodha kamili ya vyakula vya orka. Ni kazi ya nyumbani ya mwanangu, inatakiwa kesho. (Kinondoni)

Mama, orodha hiyo ndiyo adui yangu wa miaka mingi. Inaandikwa kila mahali: samaki, sili (yule mnyama mnene wa bahari anayepanda ufukweni au juu ya barafu kupumzika), pengwini, papa, taa, ngisi, nyangumi. Kila kimoja kimeliwa na orka fulani mahali fulani, sibishi. Lakini ni sawa na kuandika kwamba binadamu hula kumbikumbi, chura, konokono, nguruwe na biriani, halafu mgeni wako akitoka Lamu ukampakulia chura.

Orka hula kwa ukoo. Katika pwani ya magharibi ya Canada na Marekani kuna koo za aina mbili zinazopishana katika maji yale yale. Wa kwanza hula samaki, hasa samoni mkubwa aitwaye Chinook. Wa pili, wanaoitwa orka wa Bigg kwa heshima ya mtafiti Michael Bigg, hula sili, simba-bahari ambao ni ndugu wa sili, na pomboo wadogo. Hawaoani, na hata sauti zao ni tofauti: wanaokula samoni hupiga kelele wakiwinda, wanaokula sili hukaa kimya kabisa maana sili ana masikio. Sili anaweza kupita karibu na wanaokula samoni na asiguswe.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka 1970. Wakati huo orka walikamatwa na kuuzwa kwa mabwawa ya maonyesho. Watano walizingirwa kwa nyavu katika ghuba ya Pedder, kwenye kisiwa cha Vancouver. Wawili wakachukuliwa, watatu wakaachwa ndani ya uzio. Wakaletewa samoni. Hawakugusa. Wakaletewa tena, wiki baada ya wiki, na watu wakadhani wanagoma au wanaumwa. Siku ya 75 jike mmoja akafa kwa njaa, samoni wakiwa mbele ya pua yake. Siku chache baadaye dume alikubali kula, naye akampelekea jike aliyebaki. Baadaye mwaka huo huo kuna aliyeuzamisha wavu, orka wale wawili wakatoroka, na walipoonekana tena baharini walikuwa wamerudia nyama yao. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba walikamatwa orka wanaokula sili, wakapewa chakula ambacho kwao hakikuwa chakula.

Kwa hiyo mwanao aandike sentensi moja: orka hula alichofunzwa na mama yake. Akikatwa alama, mwambie mwalimu wake aniandikie mimi.

Nani mshindi, orka au papa mweupe? (wasomaji sita, tofauti ya maneno tu)

Hii si mechi ya Simba na Yanga. Lakini kwa kuwa mmenisumbua: orka, na si kwa bahati.

Huko Afrika Kusini kuna madume wawili ambao mapezi yao ya mgongoni yamelala, la mmoja kushoto na la mwenzake kulia. Ndiyo maana watu wa huko wakawaita Port na Starboard, yale maneno ya mabaharia kwa pande mbili za chombo. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kutupwa ufukweni Gansbaai. Ilikuwa imepasuliwa karibu na mapezi ya kifuani, nyama ipo karibu yote, ini halipo.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini ini. Wazee wetu walichemsha maini ya papa wakapata sifa, yale mafuta ya kupaka majahazi, na aliyewahi kukaa jirani na pipa la sifa hasahau harufu yake. Ini la papa mweupe linaweza kufika robo ya uzito wake, na karibu lote ni mafuta. Orka anaacha nyama na kuchukua pipa.

Mwaka 2023, Mossel Bay, Starboard alionekana akimuua papa mweupe mchanga peke yake, bila msaada, chini ya dakika mbili. Akaondoka na ini mdomoni. Papa weupe wa Gansbaai nao walihama, wakaacha boti za watalii zikizunguka maji matupu.

Msiruke kutoka hapo kuja kuniambia kwamba orka ndio wanaomaliza papa. Papa wa upande wetu wanamalizwa na jarife na biashara ya mapezi. Jarife halichagui: papa, taa, kasa, pomboo, wote wanaingia. Orka wawili wa Afrika Kusini hawajawahi kulitia jarife baharini.

Ni kweli wanatengeneza mawimbi kwa makusudi? (Mwanza)

Kweli tupu, na hili ningekopa nauli kwenda kuliona. Ni orka wa kundi moja tu kati ya makundi kadhaa ya Antaktika. Sili amelala juu ya kipande cha barafu. Orka anainua kichwa kutoka majini taratibu, anamtazama, anazama. Anakuja wa pili, naye anatazama. Wanachagua: akiwa ni sili wa Weddell, kazi inaanza, akiwa ni wa aina nyingine iliyo kali zaidi, mara nyingi wanampita. Wakiafikiana wanarudi nyuma, wanajipanga ubavu kwa ubavu, wanakuja kwa kasi, na wakifika kwenye barafu wanapiga mikia kwa pamoja. Wimbi linapanda linamsomba sili. Asipoanguka, wanazunguka na kurudia. Kipande kikiwa kikubwa, mawimbi ya kwanza ni ya kukivunja tu. Na wakishamuua wanamchuna ngozi kwa ustadi ambao mchinjaji wangu wa mtaani hana.

Wenzao wa Punta Norte, Argentina, hawajui wimbi hata kidogo. Wao hujitupa ufukweni, tumbo juu ya kokoto, wanamdaka mtoto wa simba-bahari, halafu wanajipinda kurudi majini. Akikosea hesabu anakwama na kufa, ndiyo maana vijana hufanya mazoezi kwa miaka wakiwa na wakubwa wao.

Mafuta ya orka yanatibu pumu? (amekataa kutaja alipo)

Hapana. Tena ningekuwa wewe nisingeyagusa. Mnyama aliye juu kwenye mnyororo wa chakula hukusanya sumu za wote walio chini yake. Mwaka 2016 jike aitwaye Lulu alipatikana amekufa kisiwa cha Tiree, Scotland, baada ya kunaswa na kamba za uvuvi. Walipompima walikuta kemikali za viwandani ziitwazo PCB kwa kiwango cha kutisha, na hakuwa na dalili ya kuwahi kuzaa. PCB zilipigwa marufuku miongo mingi iliyopita. Bado zimo kwenye mafuta yao. Anayekuuzia chupa ya "mafuta ya nyangumi" sokoni, muulize ameipata wapi, halafu ondoka kabla hajajibu.

Tunatega mshipi mrefu wenye ndoano nyingi nje ya mkondo. Mara nyingine tunavuta vichwa vitupu vya jodari. Ni orka? (Mombasa)

Swali la mtu anayejua kazi yake, asante kaka. Angalia jeraha kwanza. Papa huacha alama ya nusu mwezi, safi kama imekatwa kwa kisu, na mara nyingi hubakiza nyama. Kukibaki kichwa tu, au midomo tu kwenye ndoano, huyo ni wa ukoo wa pomboo. Orka hufanya hivyo. Kwenye visiwa vya Crozet, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, wamezoea kuvua samaki kwenye mishipi ya meli. Lakini katika Bahari ya Hindi yetu, kuzunguka Shelisheli kwa mfano, mwizi anayejulikana zaidi ni binamu yake mdogo, mweusi mwili mzima, ambaye wataalamu humwita Pseudorca. Usimpige risasi wala usimwekee mabomu, kama nilivyosikia wengine wakijisifu. Ukiwaona, hama, usitege. Mshipi ukikaa majini muda mfupi, wizi hupungua.

Je, orka wapo kwetu?

Hupita, mara chache sana, kwenye maji ya kina kirefu. Mimi mwenyewe sijawaona. Nilikaa siku nne na wavuvi mkondo wa Pemba nikarudi na jodari mmoja na pua iliyobabuka.

Nimeona video ya mkufunzi wa kike akimezwa na orka mbele ya watu. Inasikitisha!

Ile iliyosambaa Agosti 2025 imetengenezwa kwa akili mnemba. Hakuna mkufunzi huyo. Futa.

Basi orka hawaui watu?

Wa baharini, hakuna kifo cha mtu kilichorekodiwa. Waliofungiwa kwenye mabwawa wameua; Tilikum peke yake alihusika na vifo vitatu, cha mwisho huko Orlando, Marekani, mwaka 2010. Wale wanaovunja usukani wa mashua karibu na Gibraltar, kusini mwa Hispania, tangu 2020 wanakula jodari, hawali mabaharia, na watafiti wengi wanaona ni mchezo, hasa wa vijana. Mchezo wa mnyama wa tani kadhaa, lakini mchezo.

Naweza kuogelea nao Norway? Nina akiba.

Watu huenda majira ya baridi, heringi wakijaa kwenye ghuba za kaskazini. Orka huwazungusha samaki mpaka wanakuwa mpira mmoja, wanawaonyesha matumbo meupe ili watishike, kisha wanaupiga mpira huo kwa mkia. Wanaozimia ndio wanaoliwa, mmoja mmoja. Ukiruka na miwani yako katikati ya hapo, umevuruga mlo uliochukua muda kuandaliwa.

Na kwa kuwa tumefika hapa: Kizimkazi. Nimeona boti zaidi ya kumi zikifukuza pomboo wachache, mama na mtoto wamo, na nahodha anawaambia wageni "ruka, ruka, ruka!" Kaa mbali, zima injini. Wakitaka, watakuja wenyewe. Hiyo akiba yako nunua darubini.

Nimesoma kwamba orka wa Seattle wana njaa, na sili wamejaa kote. Kwa nini wasile sili? Wajinga hawa. (Arusha)

Taratibu na hilo neno.

Unaowasema ni kundi moja la wale wanaokula samoni niliowataja juu, na wamebaki kama 75. Marekani iliwaweka kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2005. Samoni wao wa Chinook wamepungua kwa mabwawa ya mito, uvuvi na mito iliyoharibika, na kelele za meli zinawafunika wakiwinda kwa sikio. Samoni wakiwa haba, wanaotangulia mbele mara nyingi ni bibi, majike walioacha kuzaa wakiwa na miaka 40 hivi na bado wana miongo ya kuishi. Jike mkubwa akikamata samoni humkata vipande na kumgawia mwanawe, hata kama mwanawe ni dume lenye ndevu, kama lingekuwa nazo. Mwaka 2018 mmoja wao, Tahlequah, alibeba maiti ya mtoto wake siku 17.

Na sili? Wapo, wanene. Hao hao orka wameonekana mara nyingi wakiwafukuza pomboo wadogo, wakiwarusha, wakiwabeba mdomoni, hata wakiwaua. Watafiti wamekusanya matukio 78 kati ya 1962 na 2020. Pomboo amekufa, orka mwenye njaa amemshika kwa meno. Anamzungusha kidogo, anamwachia anazama, anaendelea kutafuta samoni.