Meli ya kitalii kutoka Miami bila pasipoti

Je, raia wa Marekani anaweza kusafiri kwa meli ya kitalii kutoka Miami bila pasipoti? Ndiyo, anaruhusiwa, mradi safari ya meli ianze na kuishia katika bandari ileile ya Marekani, kwa mfano Miami, na izunguke Bahamas, Mexico au visiwa vya Karibi. Kwa mujibu wa mamlaka ya forodha na mipaka ya Marekani, atahitaji kitambulisho cha serikali chenye picha, kama leseni ya udereva, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na serikali (kile cha hospitali chenye alama za nyayo za mtoto hakikubaliki). Ndugu zetu waliopata uraia baadaye wataonyesha cheti chao cha uraia. Mtoto wa chini ya miaka 16 hahitaji kitambulisho cha picha. Mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) asiitegemee nafuu hii, kwani imewekwa kwa raia.

Hata hivyo, nakusihi uchukue pasipoti ukiweza, kwa sababu ukiugua au ukiachwa na meli huko Cozumel, kisiwa cha Mexico, utalazimika kurudi kwa ndege, na hapo cheti cha kuzaliwa hakitakusaidia mpaka ubalozi ukupatie pasipoti ya dharura.